Seng'enge Ndani ya Mkima

Muthara, Jumanne usiku

Leo mchana nimepoteza ukanda mpya wa msumeno. Haujamaliza hata wiki. Uliingia kwenye gogo la kwanza la mteja wangu, Baba Kendi, ukalia vibaya, ukakatika. Ndani mlikuwa na seng'enge. Mti huo, mkima, ulipigiliwa waya wa mpaka zamani, ukanenepa, ukaumeza.

Na nilimuuliza kabla kama kuna chuma ndani! Akacheka mbele ya wafanyakazi wangu: "Mama Mwenda, shamba langu si duka la misumari." Ukanda ulipokatika akasema mashine za siku hizi ni za kubembelezwa kama mtoto. Ile mashine yangu ya zamani ingepita, sikatai. Lakini ilikuwa inageuza vumbi ubao mmoja katika kila mbao tano, na nimeshaiuza ndiyo nikapata hii.

Sasa nimebaki na ukanda mmoja tu, na magogo yake mengine yamejaa uwanjani. Nikiyakataa, atanisema kwa kanisa zima. Nikiyapasua na huu nao ukatike...

Sitaki mzaha tena. Kesho saa mbili asubuhi, kabla sijawasha mashine, aniambie mbele ya watu wale wale: haya mengine pia yametoka mpakani, ndiyo au hapana?