Chumvi ya Mama

Jumatatu, 6 Novemba

Mama amefuta mistari! Ile mistari ya wino waliyomchora tumboni na kiunoni, inayoelekeza mashine ya mionzi, ameisugua yote. Juzi alijifungia bafuni na kitambaa chake cha kijani cha kusugulia nongo, kama afanyavyo kila Jumamosi tangu nimjue, akatoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Sikutia shaka yoyote. Nilifurahi kuona ana nguvu ya kujisugua.

Leo fundi wa mionzi alipofunua shuka alitafuta mistari kwanza. Kisha akaniita. Alisema, kwa adabu lakini kwa ukali, kwamba ngozi iliyopigwa mionzi haisuguliwi hata kwa pamba, na kwamba bila mistari mashine haiwashwi. Tukarudishwa kupimwa upya.

Mama wala hakushtuka. "Nije kuvua nguo mbele ya watu na mwili mchafu? Na wenyewe wamenichorachora kama ng'ombe wa mnada."

Nilimkemea. Mimi, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na mbili, nilimkemea mama yangu ukumbini, watu wakisikia. Akaniangalia kutoka chini mpaka juu.

"Haya, Mwalimu. Nichape basi."

Wauguzi walicheka. Nami nilicheka. Kisha barabarani kutoka hospitali ya Gwangju kuja nyumbani Jangheung alilala kinywa wazi, kichwa kikigonga kioo cha gari, na nikashikwa na hofu hata nikasimama pembeni kuhakikisha anapumua.

Jumatano, 8 Novemba

Jana dripu ya kemo, ile dawa ya saratani, leo kutapika. Hakuna alichoweza kula ila uji wa wali, na huo vijiko vichache. Anasema kijiko kina ladha ya msumari. Nimemnunulia kijiko cha mbao sokoni. Amekionja, akasema: "Sasa ni msumari uliopigwa kwenye ubao."

Jambo moja limenitia wasiwasi. Alimimina mchuzi wa soya juu ya uji, akakoroga, akaonja, akamimina tena. Uji ukawa wa kahawia. Nilipokwenda kuosha bakuli nililamba kidogo kilichobaki. Ulikuwa mchungu kwa chumvi!

Nikaliosha bakuli upesi.

Jumapili, 12 Novemba

Mama mdogo Mal-rye alikuja na matunda ya persimoni na kelele. Wao ni dada wawili waliobaki, na kila mmoja anamsema mwenzake kana kwamba ndiye mgonjwa. Alileta suala la kimchi, kabichi ya kuvundikwa kwa chumvi na pilipili, ya majira ya baridi. Kila mwaka inatengenezwa hapa uani kwetu, kwa nyumba nne: yetu, ya mama mdogo, ya mwanawe aliyeko Seoul, na ya dada yangu Yeon-hui kule Busan. Mikono ni ya wote. Chumvi ni ya Mama. Hakuna anayefunga mtungi kabla Mama hajaonja na kusema: imekaa.

Mama mdogo alianza kwa upole. "Dada, mwaka huu tununue tu. Siku hizi ya dukani nzuri."

"Ya dukani mpe mbwa wako."

"Mbwa wangu alikufa mwaka juzi."

"Unaona? Alikula ya dukani."

Walicheka mpaka Mama akashika tumbo. Kisha akaacha kucheka, akaendelea kushika tumbo. Mama mdogo alinitazama. Nikatazama persimoni.

Imeamuliwa: Jumamosi ya tarehe ishirini na tano.

Ijumaa, 17 Novemba

Sijui kama yafaa kuandikwa. Naandika, kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Mionzi imemharibia tumbo. Anaharisha bila kujua. Leo alijificha bafuni akifua nguo zake za ndani kwa maji baridi, mlango umefungwa, bomba limefunguliwa kwa nguvu ili nisisikie. Nilibisha. Akasema anaosha mboga. Mboga, bafuni! Nilipofungua, alikuwa amekaa sakafuni, hawezi kuinuka, na hakutaka nimshike.

"Nenda. Mtoto wa kiume hatazami mambo haya."

Marehemu mke wangu angekuwapo, angejua la kufanya. Mimi nilisimama kama mwanafunzi aliyesahau jibu. Hatimaye nilizima taa. Nilimwambia: Mama, sioni kitu, nipe mkono. Nilimwosha gizani kwa maji ya vuguvugu, kwa kupapasa, bila kusugua. Ngozi ya paja imeanza kuchubuka. Alinishika shati muda wote.

Jioni aliniuliza kama nimekwisha kununua pilipili ya unga.

Jumanne, 21 Novemba

Kemo imeahirishwa. Chembe nyeupe za damu zimeshuka mno. Daktari, kijana mwenye sauti ndogo, alitueleza wote wawili, taratibu, kana kwamba anaandika ubaoni. Hakuna kitu kibichi. Hakuna samaki mbichi, hakuna chaza, hakuna mboga isiyopikwa. Kimchi mpya isubiri. Homa ikifika nyuzi thelathini na nane, njooni mara moja, mchana au usiku, na msimpe kidonge cha kushusha homa kwa siri, kwa sababu kitaficha moto bila kuuzima.

Nilimuuliza: ikitokea, ina hatari gani? Akasema kwa mtu wa umri wake inaweza kwenda haraka. Haraka kiasi gani? Alitazama kalamu yake.

Mama yeye amefurahi. Hakuna dripu wiki hii, kwa hiyo Jumamosi atakuwa na nguvu.

Nilimpigia mama mdogo simu, nikamsomea makatazo yote. Alijibu kila moja: ndiyo, Mwalimu. Ndiyo, Mwalimu. Nimesikia, Mwalimu, mimi si kiziwi.

Ijumaa, 24 Novemba

Kabichi zimefika, mlima mzima. Mama mdogo na mimi tumezipasua na kuzilaza kwenye maji ya chumvi. Mama alikaa kibarazani ndani ya blanketi, barakoa usoni, akitoa amri. Chumvi zaidi kwenye shina! Usizirushe, si mawe! Gi-hwan, unashika kisu kama unashika chaki!

Nimempima homa asubuhi, mchana na jioni. Hana.

Nilitaka kumwambia mama mdogo kwamba Mama hasikii ladha. Nilifungua kinywa mara mbili. Lakini hilo ni kama kumvua Mama nguo hadharani. Nikageukia kabichi. Huenda kesho ulimi wake ukaamka. Daktari alisema huwa inakuja na kuondoka.

Jumamosi, 25 Novemba

Naandika mikono ikiwa bado inawaka pilipili.

Yeon-hui hakuweza kuja, mjukuu wake ana mafua, na afadhali. Tulikuwa mama mdogo, mkwe wake aliyetoka Seoul, mimi, na Mama kibarazani. Rojo lilichanganywa kwenye beseni kubwa: pilipili, kitunguu saumu, dagaa waliovundikwa kwa chumvi, figili zilizokatwa nyuzi nyuzi. Mama aliletewa ncha ya kidole, akaonja. Rojo lenyewe lilikuwa bichi! Lakini nani angemnyima? Nilijiambia ncha ya kidole si kitu. Alifumba macho.

"Bado. Limepooza."

Mama mdogo akaongeza chumvi. Akaonja tena.

"Bado."

Mama mdogo alionja yeye mwenyewe, na nikamwona uso ukikunjamana. Akamtazama mkwe wake. Mkwe akaonja, akakohoa, akasema ni pilipili. Kisha wote wawili walinitazama mimi. Nikainamia kabichi yangu.

"Dada," alisema mama mdogo, "mimi naona kama imekaa."

"Tangu lini unaona wewe? Mwaka ule ulipoachiwa, tulikula bahari mpaka mwezi wa nne. Tia."

Akatia.

Tukajaza majani, tukafunga mitungi. Mambo yakaanza kuchangamka. Nyama ya nguruwe ilikuwa inachemka, mvuke umejaa uani, mkwe anaimba. Mama alitoa mguu mmoja nje ya blanketi. Nilikwenda bombani kuosha beseni. Nilipogeuka nilimwona mama mdogo amechuma jani changa la katikati, la manjano, ameviringisha ndani yake rojo na chaza mmoja mnene, kama tufanyavyo sote kila mwaka, kila mmoja akimlisha mwenzake kwa mkono. Alikuwa anacheka na kusema jambo kwa mkwe wake. Mkono ulikwenda wenyewe. Miaka sabini umezoea kwenda kwenye kinywa kile. Na kinywa kilifunguka, barakoa imeshushwa kidevuni.

Nilipiga kelele. Maji ya beseni yakanimwagikia miguuni. Nilipofika, Mama alikuwa amemeza.

Mama mdogo aliangalia vidole vyake vyekundu. "Yamenitoka kichwani! Yote! Dada, tema! Jitapishe!"

"Nyamaza," alisema Mama. "Sijala kitu kitamu hivi tangu majira ya joto."

Uongo mtupu. Najua haonji kitu. Alisema kwa ajili ya mdogo wake.

Nimempima sasa hivi. Nyuzi thelathini na sita na nusu. Sina la kufanya ila kumpima tena.

Jumapili, 26 Novemba

Asubuhi aliniomba niongeze moto unaopasha sakafu joto. Sakafu ilikuwa inaunguza nyayo. Nilimshika mkono — moto! Thelathini na nane nukta nne.

"Leo Jumapili," alisema. "Hospitali hakuna mtu. Kesho si tunakwenda kwenye mionzi? Tutaunganisha safari."

Ndani ya kiganja chake nilikuta kidonge cha homa. Sijui alikitoa wapi. Nilikichukua kwa nguvu, nikimfungua kidole kimoja kimoja, kama mtoto aliyeficha pipi. Alinitukana. Tusi ambalo sijalisikia tangu nikiwa na miaka minane. Nikamgeuzia mgongo, nikachuchumaa, nikamwambia apande. Hakutaka. Kisha akapanda. Sikutegemea. Hana uzito! Nimebeba mifuko ya kabichi iliyo mizito kuliko yeye. Kidevu chake kilikuwa begani kwangu, kinaunguza, mwili wote unatetemeka kwa homa.

Mama mdogo alikuwa anaingia langoni na sufuria ya supu. Alituona akaketi chini palepale, kwenye changarawe.

"Ni mimi," alisema. "Mwalimu, sema. Ni mimi, sivyo?"

Nilimpita. Nilikuwa na maneno, tena makali, na lau nisingekuwa nimembeba Mama ningeyasema yote.

Hospitali walimchukua mara moja. Damu, dripu, pazia. Presha inashuka. Daktari wa zamu aliuliza kama amekula chochote kibichi. Mama alitikisa kichwa: hapana. Mimi nikasema: chaza, jana, mmoja, na rojo lisilopikwa. Mama alifumba macho, akanigeuzia uso ukutani.

Jumatatu, 27 Novemba

Yuko chumba cha peke yake. Haruhusiwi mtu kuingia. Chembe nyeupe karibu hakuna. Mionzi imesimamishwa. Dawa ya vijidudu inaingia mchana kutwa, na homa haishuki.

Nilimuuliza daktari kama ni chaza. Huenda, alisema, na huenda si chaza. Katika hali hii hata vijidudu vya tumboni mwake mwenyewe vinatosha. Hatutajua mpaka majibu ya damu yatoke, na pengine hata hapo hatutajua. Nimempigia mama mdogo, nikamwambia maneno hayohayo, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Alilia. Akauliza: huenda gani ndiyo kubwa? Nikasema daktari hakupima.

Mimi naogopa kila kitu. Naogopa lifti ikifunguka. Naogopa muuguzi akitembea haraka, na akitembea polepole naogopa zaidi.

Jumatano, 29 Novemba

Nimerudi nyumbani kuchukua nguo zake safi na meno yake ya bandia, niliyoyasahau Jumapili. Uani bado kuna majani yaliyokanyagwa. Nilifungua mtungi, nikachana jani, nikala. Haliliki! Chumvi tupu. Chakula cha nyumba nne kwa majira yote ya baridi, na hakiliki.

Nilikuwa bado nimesimama hapo Mama alipopiga simu. Muuguzi alimshikia. Sauti ilikuwa kama karatasi.

"Umeonja?"

Nikasema ndiyo.

"Ikoje?"

Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kusema kweli nilisema: imekaa, Mama. Imekaa vizuri.

Nilisikia mashine ikilia nyuma yake.

"Mjinga," alisema. "Niliziona nyuso zenu. Nunua figili. Kubwa, zisizo na maji mengi. Zikate vipande vinene, usizimenye, uzichomeke katikati ya majani, mitungi yote. Zitanyonya chumvi." Akapumua. "Mwite Mal-rye akusaidie. Mwambie nimesema hivyo."

Nikamuuliza kwa nini basi alisema bado, bado. Akajibu kitu, lakini muuguzi alikuwa amekwisha kuchukua simu. Homa ni thelathini na tisa, alisema muuguzi. Wanabadilisha dawa. Daktari atanipigia kabla ya saa sita.

Nimenunua figili. Mama mdogo amekuja. Hakunisalimu, nami sikumsalimu. Alikunja mikono ya sweta akachukua kisu. Tumemaliza mitungi ya Seoul na ya Busan. Nimepumzika kidogo kuandika haya kwa sababu nimejikata kidole.

Saa sita imepita. Simu iko juu ya meza, kati ya ubao na figili, mahali tunapoiona wote wawili. Mama mdogo anaikwepa kwa kisu. Sasa ameniuliza, bila kuinua macho, kama mtungi wa Mama tuutie figili nyingi au chache, na ni nani atakayeonja.