Nani Anamwagilia Mkangazi wa Baba

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, siku chache kabla ya mvua.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Wifi naye hajambo? Mwambie gauni lake nalishona, asichoke kungoja. Sisi ni wazima wa mwili. Ya rohoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Unaukumbuka mkangazi wa Baba? Ni ule mti wa msituni, wa mbao nyekundu, ulioota peke yake kati ya mbegu zote alizoleta kutoka kitalu cha miche alikofanya kazi. Aliupanda kwenye pipa lililokatwa nusu, akautundikia gunia kuukinga na jua, akasema mvua zikianza atauhamishia ardhini nyuma ya jiko. Ulipomfika kifuani, akatutoka.

Unajua Baba alivyoulinda kwa wivu mti ule. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kopo lake la kumwagilia, hata Mama. Alikuwa akisema sisi tunajua kumwaga maji, si kumwagilia. Basi baada ya mazishi kila mtu aliupitia mbali.

Wiki ile ile Mama alitoka alfajiri, akatia kiganja ndani ya pipa, akakuta udongo umelowa. Aliingia ndani uso unang'aa. "Baba yenu amekuja kumwagilia," akasema. Kaka, sote tuliinamia vikombe vyetu vya chai.

Tangu siku hiyo Baba akawa kila kona ya nyumba. Mama alitukataza kutia komeo mlango wa nyuma. Kitindamimba wetu, asiyeogopa hata nyoka, akaanza kuoga huku akiimba kwa sauti ili asisikie kitu. Mimi nikiwa kwenye cherehani nilihisi mtu amesimama mlangoni. Nikigeuka, hakuna mtu, ila harufu ya udongo mbichi. Niliogopa, na nilifurahi pia, maana nimemkumbuka mno.

Sasa sikia. Mimi mwenyewe nilikuwa naumwagilia ule mti, kopo moja kila jioni, kwa kujificha. Sikuthubutu kusema, kwa jinsi Mama alivyokuwa na furaha. Ila asubuhi nilikuta maji mengi kuliko niliyomwaga. Nikaamini kabisa.

Kisha majani yakaanza kuwa ya njano, ya chini kwanza, yakapukutika. Mama akaacha kula. Alisema mti ule ukifa, Baba atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii yeye Mama atamfuata. Tuliona hapa hakuna mzaha, tukamwita Koleo, yule rafiki wa Baba aliyefanya naye kazi kitaluni.

Koleo alichomeka kidole udongoni, akakinusa, akakunja uso. "Huu hauumwi, mnauzamisha. Mizizi inaoza. Nani anamwagilia hapa?"

Baba Mdogo, anayekaa nasi tangu mazishi, na ubabe wake wote wa mlinzi wa ghala, akakohoa. "Mimi, nikitoka lindoni. Kidogo tu."

Kitindamimba akainamisha kichwa. "Na mimi, nikitoka kazini."

Nikasema na mimi. Watatu sisi, kila mmoja na wizi wake, kila mmoja akidhani maji yaliyozidi ni ya Baba.

"Ndiyo hayo, manahodha wengi chombo huenda mrama," Koleo akasema, akacheka. Alicheka peke yake. Mama alikuwa akitutazama mmoja mmoja.

"Hata siku moja hakuwa yeye?" akauliza.

Koleo alitoboa matundu chini ya pipa, akatuonya tusimwage hata tone mpaka atakaporudi kuutazama.

Tulitii, na mti unapona. Kileleni umetoa majani machanga mekundu. Lakini kila alfajiri Mama alitoka, akatia kiganja, akakuta pakavu, akarudi kulala bila neno. Kaka, kuishi na mzimu kulikuwa rahisi kuliko kuishi na ule ukimya.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Niliamka kabla yake, nikachota maji kikombe kimoja, nikanyata hadi kwenye pipa. Nikamkuta Baba Mdogo amesimama pale, naye ana kikombe. Tulitazamana kama wezi waliokutana kwenye nyumba moja. Nilimwonyesha kwa mkono amwage yeye. Akatikisa kichwa, akanionyesha mimi. Nami sikuweza. Mwishowe tuliyanywa yale maji, kila mtu yake, na mlango wa nyuma ukafunguka.

Mama alitukuta na vikombe vitupu. Hakutuuliza. Aliweka kiganja kwenye udongo mkavu, akakiacha hapo muda mrefu.

"Basi ameshakwenda," akasema.

Akakaa chini pale pale, akalia. Tangu mazishi hatukuwa tumeliona chozi lake. Alilia mpaka jua likatoka, na sisi tukakaa naye chini tukalia.

Baba Mdogo anakusalimu sana, na Kitindamimba anasema umtumie picha yako, maana sura imeanza kumpotea. Mama anakusalimu pia. Leo amekula.

Mungu awe karibu nawe huko tusikoweza kufika, akurudishe kwetu ungali na nguvu.

Wako akupendaye daima,
Dada yako mshonaji.