Mzee wa Kameruni na Mume Wangu

Jumapili, 24 Juni 1990
Chumbageni, Tanga

Leo kumepambazuka na manyunyu. Kusi limevuma tangu alfajiri, mabati yamelowa, na uani kunanuka udongo. Sauti imenikauka kabisa. Mtu akinisalimu natoa mkwaruzo tu, kama jogoo mwenye mafua. Siumwi. Nilipiga kelele jana kwa Bwana Akbar, kwa ajili ya vijana wa Kameruni ambao hawanijui wala hawatanijua.

Nina furaha. Niliandike hilo kwanza, mengine yafuate.

Katika nyumba hii mpenzi wa mpira ni mimi. Watu wakisikia hudhani nimeambukizwa na mume, kumbe Hamadi mpaka juzi hakuwa akijua kona ni nini. Mimi nilianzia Muheza, utotoni. Mama alikuwa akifua jezi za timu ya mtaa wetu, na kazi ya kuanika ilikuwa yangu. Niliujua mpira kwa jezi kabla ya kuuona kwa macho. Ya kipa ilikuwa na matope kifuani. Za mabeki zilichanika mabegani. Ya winga wa kushoto ilirudi safi kila wiki. Nikamuuliza mama kwa nini huyu hachafuki, akacheka, akanipeleka uwanjani nikaone mwenyewe. Nikaona. Alikuwa akiukwepa mpira kama mtu anayekwepa mbwa.

Tangu siku ile nina maoni yangu, na sijawahi kuyanyamazisha.

Haya basi, Kombe la Dunia mpaka hapa lilipofika. Misri walianza kwa kutupa raha walipowabana Waholanzi, kisha wakatuchosha: kipa kwa beki, beki kwa kipa, utadhani wanapokezana mtoto mchanga. Wametoka, na sikulia. Ajentina wamefuzu kwa kuponea chupuchupu, na bado wanatembea kibingwa. Kameruni waliwafunga siku ya kwanza kabisa, wakiwa pungufu, wakamaliza mechi wawili wametolewa nje, na bado wapo wanaosema ilikuwa bahati na rafu. Hilo linaniudhi. Wajerumani wakikaba huitwa wenye nguvu. Tukikaba sisi, tunaitwa wakatili. Kweli Warusi waliwapiga manne. Lakini Kameruni walikuwa wameshafuzu siku ile, wakacheza kama watu waliokwisha kula.

Nimeandika mengi ya mpira kwa sababu mambo ya Hamadi ni magumu kuandika.

Hamadi ni mtu wa Wete, Pemba. Alikuja Tanga kijana, akaingia kiwandani, akawa fundi wa mitambo mpaka mvi zikamtoka humo. Baada ya Idi walimwita ofisini wakamwambia kiwanda kinapunguza watu na wanaobakizwa ni vijana. Alirudi nyumbani mchana, akavua viatu vya kazi, akavipangusa vizuri, akaviweka juu ya kabati. Hakugomba. Hakumlaani mtu.

Ila alinyamaza.

Maneno yake yakabaki salamu na shukrani. "Umeamkaje." "Ahsante kwa chakula." Akiswali Isha hakai tena barazani na wenzake, anarudi moja kwa moja, analala kaelekea ukutani. Mimi naendesha cherehani chumba cha mbele, ingawa tangu mitumba iingie watu hawashoni kama zamani. Nategemea sare za shule. Nilikuwa nikisikia cherehani yangu inavyopiga kelele katika nyumba hii, nikaanza kuionea haya. Nikawa nashona pole pole, kama mwizi.

Juzi juzi kaka yake akamtumia salamu na msafiri: karafuu zimezaa mwaka huu, aje wasaidiane. Hamadi akaniambia, "Nitakwenda Pemba." Nilisubiri neno la pili. Halikuja. Ijumaa akautoa mkoba, akatia mashati yake, misuli yake ya kujifunga kiunoni, na kanzu ya Idi. Gauni zangu zikabaki kwenye kamba. Chombo kilikuwa cha Jumatatu.

Mungu hakutujaalia mtoto. Sijawahi kuandika hilo humu, na leo naliandika mara moja tu. Mwanamume akiacha watoto nyuma, kuna cha kumrudisha. Mimi nilijiuliza kitakachomrudisha huyu ni nini. Cherehani? Nilitamani nimuulize, lakini mtu ukishaogopa jibu, ulimi unakuwa mzito. Nakiri niliomba mvua inyeshe, chombo kisiondoke. Dua ya kitoto.

Jana saa kumi na moja na nusu nikajitanda kanga, nikamuaga kwamba nakwenda kwa jirani kutazama Kameruni na Kolombia. Hakuwahi kufuatana nami kwenye mambo hayo. Akasema, "Ngoja." Akavaa kofia yake, akatoka nami. Nikajua anakwenda kuwaaga majirani.

Bwana Akbar ana duka la vitambaa hapa mtaani, na ndiye mwenye televisheni. Wazee wake walitoka Bara Hindi, yeye amezaliwa papa hapa Chumbageni, na Kiswahili chake ni cha Tanga kuliko changu. Antena ameifunga kwenye mwanzi mrefu ili inase picha ya Unguja. Siku ya mechi kubwa televisheni huwekwa mlangoni mshazari: wanaume barazani na kwenye mikeka nje, sisi wanawake sebuleni na mkewe, Bi Nasim, na sinia lake la kachori. Picha ikijaa chenga Bwana Akbar anatoka kuuzungusha mwanzi, na mtaa mzima unamwelekeza: "Rudisha! Rudisha! Hapo hapo!"

Hamadi akakaa mwisho wa baraza, karibu na pipa la maji, mbali na kila mtu.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na kitu. Wakati wa mapumziko wanaume wakapanga safu, wakaswali Magharibi, wakarudi mahali pao. Kipindi cha pili kikaanza, na baada ya muda akaingizwa yule mzee wao. Mtaani hatuna jina lingine, tunamwita Mzee wa Kameruni. Mbwana, kijana wa nyumba ya tatu, akapiga kelele, "Babu huyo! Si akakae na wajukuu?"

Watu wakacheka. Ndipo nikasikia sauti ya mume wangu.

"Ana umri gani?"

"Thelathini na nane, ami," akasema Mbwana.

"Sasa alikuwa wapi siku zote?"

"Alishaacha, ami. Alikwenda zake kisiwani huko, akicheza mpira wa kujifurahisha tu. Wenyewe wakamfuata."

"Wakamfuata," Hamadi akasema, kana kwamba anataka kusikia neno lile linavyolia kinywani mwake.

Hamadi ana arobaini na nne. Nilitazama kachori yangu, nikairudisha kwenye sinia.

Mechi ikaenda bila bao. Mimi nilikuwa na ugomvi wangu na kipa wa Kolombia, yule mwenye manywele. Anaacha goli lake, anakuja na mpira miguuni mpaka karibu na katikati ya uwanja, anapiga chenga. Nikashindwa kuvumilia, nikapaza sauti kutoka sebuleni, "Kipa gani huyu anatembea kama yuko sokoni? Atanyang'anywa! Wallahi atanyang'anywa mchana kweupe!"

Barazani wakacheka. Bwana Akbar akanijibu, "Bi Zubeda, mwache kipa wa watu. Ndiyo mchezo wake."

"Mchezo wake ndio utakaomrudisha kwao," nikasema.

Dakika tisini zikaisha, wakaongezewa muda. Muda wa nyongeza ulipofika katikati, Mzee akapata mpira, akampita mtu, akamruka mwingine, akaupiga juu kwa mguu wa kushoto. Bao! Sinia la Bi Nasim likapinduka. Mzee akakimbilia kibendera cha kona, akaweka mkono tumboni, akakata kiuno. Mtu mzima, mbele ya dunia nzima, anakata kiuno kama yuko ngomani kwao.

Hatujakaa sawasawa, kipa akatoka tena. Mpira miguuni, mbali na goli. Mzee akamkaribia. Kipa akajaribu kumzunguka, Mzee akauchomoa, akakimbia nao peke yake, goli tupu.

Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa nimeziba mdomo. Aliyepiga kelele ni Hamadi.

"Mke wangu alisema!" Alikuwa amesimama juu ya baraza. "Mke wangu alisema! Si mlimcheka? Alisema atanyang'anywa, akanyang'anywa!"

Akateremka, akamshika Bwana Akbar mabega akamtikisa. "Alisema au hakusema?"

"Alisema, Bwana Hamadi, alisema!"

Na Mzee alipofika kwenye kona yake, mume wangu akafika kwenye pipa la maji. Akashika tumbo kwa mkono mmoja, akainua mwingine, akakata kiuno. Msuli ukataka kufunguka, akaudaka, akaendelea. Vijana wakampigia makofi. Mbwana akaingia naye. Mimi nilisimama mlangoni, nimemsahau hata Kameruni. Alikuwa anacheka kwa meno yote. Nilikuwa nimesahau kwamba jino lake moja la pembeni limepanda juu ya mwenzake.

Nikalia. Bi Nasim akadhani ni kwa sababu ya bao, akanikumbatia, akalia na yeye.

Kolombia walirudisha moja, tukateseka kidogo, kisha filimbi. Mbili kwa moja. Kameruni wameingia robo fainali, na kwa hesabu zangu hakuna nchi ya Afrika iliyowahi kufika huko.

Tulirudi kwa miguu, manyunyu yameanza, njia ilikuwa na watu wanaoimba. Tulipofika kwenye mwarobaini wa msikitini, pametulia, akapunguza mwendo.

"Zubeda."

"Labeka."

"Mbona hukuniuliza habari ya Pemba?"

"Ulisema unakwenda. Hukusema tunakwenda. Niulize nini?"

Akaivua kofia yake, akaishika mkononi. Kisha akasema, "Niliona haya. Hapa una wateja wako, mama yako yuko Muheza, gari moja tu. Mie sina kazi. Nikuchukue nikakuweke kwa kaka yangu, ukale kwa watu? Nikasema bora uniambie mwenyewe kwamba utabaki, kuliko nikuombe uje ukatae."

"Na mimi nilidhani unaniacha."

Alisimama kabisa. "Nikuache? Nikuache niende wapi?"

Alisema kama mtu aliyeulizwa kama ana mpango wa kuacha mkono wake mezani. Nikaivuta kanga usoni, nikajifanya nafuta mvua.

"Basi sasa nakuuliza," akasema. "Tutakwenda, msimu huu mmoja tuone? Ukipachoka tutarudi."

Nilimwambia nitakwenda. Nilimwambia cherehani inakuja nami, hata ikibidi niipakate chomboni. Na nikamwambia siondoki Tanga hata kwa kuburutwa kabla ya fainali.

"Fainali lini?"

"Jumapili ya tarehe nane mwezi ujao."

"Karafuu zitangoja," akasema. Akaanza kucheka tena, peke yake, gizani, akikumbuka yule kipa.

Asubuhi hii ameumwaga mkoba kitandani, akaniambia nipange mimi, maana yeye hajui kukunja. Kisha akaenda kwa kinyozi kunyoa ndevu alizoziachia tangu atoke kiwandani. Amerudi kidevu kinang'aa, uso umekuwa mdogo. Tumemtafuta yule msafiri tumpe jibu la kaka, na tumempata kabla hajaondoka.

Sitajidanganya. Pemba naiogopa. Wifi yangu ni mkali, na sijawahi kukaa pahali ambapo sijui nani anauza nyuzi. Huenda karafuu zisitutoshe, huenda tukarudi Tanga tumechoka kuliko tulivyoondoka. Hamadi hajapona, adhuhuri nimemkuta ameketi kitandani, anavitazama vile viatu juu ya kabati. Nikaketi naye. Kimya chetu hakikuwa kile cha mwanzo.

Sasa nirudi kwenye mambo yangu. Jumanne Waingereza wanacheza na Wabelgiji, na atakayeshinda ndiye atakutana nasi Jumapili ijayo. Mimi nawataka Wabelgiji. Waingereza wana mbio, na mabeki wetu wana haraka ya miguu ndani ya boksi. Naogopa penalti. Tena jana vijana wamekusanya kadi za njano ovyo, wengine hawatacheza. Kocha angeniuliza, ningemwambia Mzee aingie mapema zaidi. Lakini kocha haniulizi.

Leo saa kumi na mbili ni Brazili na Ajentina. Brazili watashinda, naandika hapa kwa wino, wana mpira mzuri kupita wote. Bwana Akbar ameshatuma salamu kwamba tuwahi, na kwamba mwanzi amekwisha kuuzungusha.

Niishie hapa. Hamadi amesimama mlangoni, kofia kichwani, ananiharakisha, na anataka kujua kitu kimoja kabla hatujafika, asije akachekwa: Brazili ndio wale wa njano?