Wajina Wangu Mtoro

Jumatatu, 13 Januari

Nimeanza chuo! Miaka arobaini na sita, sare mpya, soksi nyeupe kama za chekechea. Miaka kumi na tisa nimepiga deki wodi za hospitali, leo niko darasa la uuguzi. Mwalimu ni binti mdogo, rika la pacha wangu. Nikamwamkia shikamoo kwa kuwa ni mwalimu, naye akaniamkia shikamoo kwa ajili ya mvi. Hakuna aliyeitikia. 

Jumatano, 15 Januari

Mifupa ya mkono, kifundo hadi vidole — ishirini na saba! Darasa zima tayari wananiita Mama Pacha, hata mwalimu. Halafu, kumbe nina wajina humu. Jina lake linaitwa kila asubuhi, kimya. Mtoro huyo! Nafasi tunaililia wengine.

Ijumaa, 24 Januari

Aibu gani hii. Mwalimu ameniuliza jina langu kamili, la kwenye cheti. Nikamtajia. Akafungua daftari la mahudhurio, akashika mdomo.

Mtoro ni mimi.

Siku kumi, alama ya hayupo, zote kwa wino. Na sheria ya chuo ni hiyo: ukikosa siku kumi, mtihani hufanyi. Mwalimu akasema kosa ni lake pia, lakini wino haufutiki bila mkuu wa chuo. Ataandika barua. Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi kwenye somo la mapigo ya moyo.

Jumamosi, 25 Januari

Nimemweleza Sista, muuguzi mkuu wa wodi yetu, yule aliyenikalia kooni mpaka nikajaza fomu ya chuo. Amecheka hadi akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa. Kisha akauliza, mara ya mwisho nani alikuita jina lako?

Mama. Miaka tisa sasa tangu tumzike. Alikuwa anaita akiwa jikoni, analivuta mwisho wake, nami naitika abee hata nikiwa na tumbo la pacha. Baada yake, hakuna. Mume wangu mwenyewe ni Mama Pacha, Mama Pacha. Namkumbuka sana Mama leo. Sijui namkumbuka yeye, au yule binti aliyekuwa akimwita kutoka jikoni.

Sista akasema basi, nitakuita mimi mpaka sikio lizoee.

Alhamisi, 6 Februari

Zamu yangu ya jioni ya kupiga deki, Sista ameniita toka mwisho wa wodi. Nikageuka kumtafuta anayeitwa! Wagonjwa hoi kwa kicheko. Nyumbani mume wangu naye kajaribu. Akaona haya, akatoka nje kuangalia bomba ambalo halijaharibika.

Ijumaa, 21 Machi

Mkuu wa chuo bado kimya. Mwalimu ameandika barua ya pili. Kila siku baada ya vipindi anabaki nami kwenye hesabu za dozi. Nikamuuliza, unanifundishia nini kama sifanyi mtihani? Akasema nihesabu tena, nimesahau nukta.

Darasani sasa naitika abee. Wenzangu wanasema nipo. Wacheke tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku ya mtihani. Naandika kwenye benchi, nje ya ukumbi. Mkuu wa chuo ana orodha mkononi, anaita wanaoruhusiwa tu. Mwalimu hajaambiwa kama nimo. Amesimama mlangoni anatafuna kucha. Sista kaja na gauni la kazi, eti anapita njia.

Wameingia kumi na watano. Kumi na sita. Nautaka mlango ule, jamani! Niitwe tu. Mara moja.

Nimeitika! Abee — kwa sauti, watu wote wamegeuka. Nimelisikia jina langu, limevutwa mwisho kabisa, kama lile la jikoni. Mkuu wa chuo ananitazama juu ya miwani. Anauliza, nani kakuita? Sista anautazama mlango. Mwalimu amemsogelea, wanainamia karatasi pamoja, kidole kinashuka jina kwa jina.

Mimi nimeshasimama, kalamu mkononi.