Diski Mpya na Benchi Tupu

Kharumwa, Jumapili alasiri

Mama Salma wangu,

Assalaam alaikum. Hujambo wewe, na Salma mafua yake yamemwachia? Mimi ni mzima, ila ni uzima wa mtu anayekula peke yake; nasonga ugali kidogo na bado unabaki. Naandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kuulizana "unanisikia?" mpaka salio linakwisha kabla ya neno lenyewe. Dereva wa basi ameahidi kumwachia kaka yako barua hii pale stendi.

Uliniuliza kama ile SSD, diski mpya ya kompyuta tuliyoahirisha mlango wa uani ili tuinunue, imefaa au tumetupa hela. Nikujibu kwanza kama fundi.

Imefaa. Unakumbuka diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani? Karasha la jirani likianza kusaga mawe ya dhahabu, meza inatetemeka na diski inakwaruza hadi unaihurumia. Hii mpya haina kinachozunguka. Karasha lisage litakavyo, yenyewe imetulia tuli. Wala sikuiamini hivi hivi, maana feki ni nyingi: niliijaza mpaka pomoni, kisha nikafungua video mojamoja kuona kama zimo kweli. Zimo. Kasoro yake, ukiipa mzigo mkubwa wa video za harusi huanza kwa mbio, halafu katikati hupunguza mwendo na kupata joto. Lakini nikiwasha kompyuta, sijamaliza kufungua dirisha, iko tayari. Kwa kazi yangu hii ya kuwajazia watu nyimbo na filamu, sijutii.

Sasa nikujibu kama mumeo.

Huku mchimbaji akipeleka mawe yake karasha, haondoki mpaka yasagike yote, asije akachotewa. Na kwangu walikuwa hivyo hivyo. Mtu analeta memori kadi yake, anakaa kwenye benchi kuilinda, na diski mbovu inajivuta, basi tunaongea. Mzee Nkwabi wa Mhunze, mchimbaji wa siku nyingi, amenisimulia ng'ombe wake wote pale, kila mmoja na tabia yake. Siku ya kwanza ya diski mpya alikuja na "mwadila" yake, salamu yao ya mchana, akavuta benchi. Hajakaa vizuri, nikamrudishia kadi.

"Tayari?"

"Tayari, mzee."

"Ng'wanawane, mwanangu, unanidanganya. Hata jasho hujatoka!"

Ikabidi nimchezee kila wimbo, mwanzo tu, mpaka akaridhika. Akasimama. "Basi kumbe hakuna cha kulinda," akasema, akaenda zake.

Siku hizi anasimama mlangoni kama mtu anayenunua sigara, na wenzake vivyo hivyo. Kazi ya siku nzima inakwisha adhuhuri, halafu nabaki na kelele za karasha na benchi tupu. Upweke huu sikuutegemea, mama Salma. Wateja wapo, ila mtu wa kuongea naye sina. Juzi nilijikuta nakuuliza kwa sauti chumvi umeiweka wapi.

Diski mbovu siirudishi, usiogope. Nawaza jambo jingine. Ulipokuja mara ile ulikaa nyuma yangu siku zote nikiibembeleza mashine, na siku ya kuondoka ukasema umekuja Kharumwa kuutembelea mgongo wangu. Nilicheka, lakini najua hukuwa unatania. Tangu hapo nikikuita, mara shule ya Salma, mara kuku wanatotoa. Sasa shule zinakaribia kufungwa, na kuku jirani atawaangalia. Njoo na Salma. Siwezi kukuahidi maji ya bomba, wala utulivu. Nakuahidi mchana wangu wote, na uso wangu.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu, umwambie goti lake naliombea. Msalimie shangazi yako muuza vitumbua, asimpe Salma vya jana. Na kaka yako wa stendi, mwambie barua hii si ya kusoma kabla yako, namjua.

Umeuliza kama diski imefaa. Ukija, imefaa. Benchi nimelifuta vumbi, upande wako na wa Salma.

Mumeo anayekungoja,
Baba Salma