Miji Mitatu na Usingizi wa Mchana

Nyumba ya Mtini,
Karshiyaka,
Plovdiv.
16 Mei

Mpendwa dada yangu Rayna,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Kancho, ambaye bado anapumua, bado anakula, na bado anasemwa na mkewe Gina asubuhi na jioni. Hujambo wewe? Goti walilokupasua linaendeleaje? Na shemeji yangu Tullio, kikohozi kimepungua, au bado anajificha kibarazani kuvuta sigara akidhani humwoni? Mwambie mimi nilimfundisha kujificha vizuri zaidi ya hapo.

Sisi huku hatujambo. Gina analalamikia mgongo, lakini juzi nilimkuta juu ya ngazi akimfukuza paka wa jirani kwenye paa la banda la kuku, kwa hiyo mgongo huo unachagua siku za kuuma. Mvua imenyesha vizuri, miche ya nyanya imeshika, cheri zimeanza kuona haya usoni. Meno yangu ni yale yale machache, yote yako kazini.

Sasa kaa chini. Kama umesimama, kaa, maana goti hilo si la kupokelea habari kama hii. Ninakuja Trieste! Mimi Kancho, mzima mzima, ndani ya gari la mkwe wangu, mwezi wa tisa joto likishapungua. Na siji kuonja supu nikaondoka. Nakuja wiki nzima.

Utasema nimekunywa. Nimekunywa, ndiyo, ila habari ni ya kweli. Ngoja nianze mwanzo.

Unajua binti yangu Nevena na mumewe Ognyan hawajapumzika tangu Kalina azaliwe. Mtoto sasa ana miaka miwili na ushei, ana miguu ya mbuzi na sauti ya mtu wa mnada. Basi wakaamua mwaka huu watazunguka miji ya Ulaya, taratibu, wapumue. Ognyan ni kijana mzuri, simsemi vibaya, lakini ukimpa mtu yule likizo anakurudishia ratiba. Siku ya Mtakatifu Georgi tumekaa mezani, mwanakondoo bado anatoa mvuke, akatandaza ramani katikati ya sahani. Belgrade, Zagreb, Budapest, Vienna, Salzburg, Ljubljana, Venice. Makumbusho asubuhi, kasri mchana, kanisa jioni. Na mwisho kabisa, pembeni, karibu na tone la mchuzi, Trieste: chakula cha mchana kwa shangazi Rayna, kisha kurudi nyumbani.

“Haya ndiyo mapumziko?” nikamuuliza. “Mbona jeshini walituendesha polepole kuliko hivi?”

“Baba, hii ni safari ya utulivu kabisa,” akasema. “Kila mji nimetenga na muda wa kukaa tu.”

“Mwanangu, ukishautenga si kukaa tena, ni zamu.”

Halafu nikauliza swali langu. Mimi nimepangiwa kiti gani garini? Dada, hata Kalina aliacha kugonga kijiko. Nevena akaangalia sahani yake, akanijibu kwa ile sauti ya kumsemeshea mgonjwa: “Baba, tungependa sana. Lakini huwezi kutembea mwendo mrefu. Choo unakitaka kila mara. Mchana lazima ulale. Ukicheleweshewa chakula unakuwa mkali. Na sisi tayari tuna mtoto mdogo.”

Gina, badala ya kunitetea, akaongeza, “Na anajimwagia mchuzi kifuani.”

Nilicheka pamoja nao, lakini nyama ile sikuimaliza. Wewe daktari amekukataza safari za mbali, huwezi tena kuja huku. Mimi hawaniruhusu kwenda peke yangu hata Sofia. Gari lile likiondoka bila mimi, basi mimi na wewe tumebaki kuonana kwenye simu mpaka mmoja wetu azikwe, na kwenye simu, dada yangu, wewe hunionyesha nusu ya paji la uso na dari ya jikoni. Nilinuna wiki nzima. Hata Penko jirani alinifunga mchezo wa tavla, akatembea mtaa mzima akitangaza kama amepata mjukuu wa kiume.

Sasa Nevena, aliyerithi akili kwa mama yake na ubishi kwangu, akasema kabla hawajalipia vyumba vya watu wafanye majaribio. Jumapili wajifanye wageni hapa hapa Plovdiv, watembee kwa mwendo wa Ognyan, waone mtoto atastahimili vipi. Nikasema na mimi nakuja.

“Njoo, baba,” Ognyan akasema. “Njoo ujionee mwenyewe.”

Alitaka nishindwe mbele ya mashahidi, na sikumlaumu. Nikavaa viatu vyangu vya kuzikia watu, tukaondoka. Gina alikuwa amemvisha Kalina soksi mbili mbili na kofia ya sufi, jua linawaka, eti kuna upepo wa vichochoroni.

Mawe ya Mji Mkongwe unayakumbuka, makubwa kama mikate, kila moja limelala linavyotaka. Ognyan alikuja na kigari cha mtoto ambacho alipokinunua muuzaji alimwapia kinapanda hata milima. Hatukufika mbali, gurudumu likazama kati ya mawe mawili likakataa kutoka. Kalina akapiga yowe, watalii wakageuka. Tukamtoa. Akibebwa anataka chini, akiwekwa chini anataka kubebwa. Ungemwona mkwe wangu: kigari mgongoni, mfuko wa nepi shingoni, simu mkononi, anasoma tulipaswa kuwa wapi saa hizi.

Katikati ya kilima pana benchi la mawe ukutani, mkabala na mkahawa mdogo. Nikakaa.

“Mimi nimefika,” nikasema.

“Umefika wapi, baba? Bado kilele, bado ukumbi wa Warumi, bado nyumba zote za makumbusho!”

“Warumi wameshakufa, Ognyan. Hawana haraka.”

Kalina akaniangalia, akaliangalia benchi, akapanda kwa tumbo kama mjusi, akakaa ubavuni mwangu. “Mimi pia fika,” akasema, akavua kofia ya bibi yake akaitupa.

Walimbembeleza, wakamtishia, wakamwonyesha njiwa. Akashika mkanda wangu, hang’oki. Mwishowe nikawaambia, nendeni nyinyi wenye magoti, tuachieni banitsa ya jibini na chupa ya boza. Waliondoka wanageuka nyuma kila hatua, kama watu walioacha pochi kwa mwizi.

Dada, tulistarehe! Tulikula, mimi nikajimwagia kifuani, naye akajimwagia kifuani. Tulimsindikiza sisimizi mmoja kutoka jiwe hadi jiwe, tukamtakia safari njema. Tulikwenda choo cha mkahawa, yeye kwanza, mimi mlangoni nikicheza mguu mmoja mmoja. Kisha akaweka kichwa mapajani mwangu, nami nikaegemeza changu ukutani, na sijui la zaidi.

Nilipofumbua macho Nevena amesimama mbele yetu, analia. Nikashtuka, nikadhani jua limemchoma mtoto. Nikamwangalia Kalina, yuko kivulini, anakoroma kuliko mimi. Nikamwangalia Ognyan, hana kigari mgongoni, hana simu mkononi, amemshika mke wake mkono, na ananukia mvinyo.

“Mmeona makumbusho gani?” nikauliza.

“Hakuna, baba,” Nevena akasema. “Tumekaa juu kule, tunautazama mto. Tumeongea. Tangu mtoto azaliwe hatujawahi kuanza mazungumzo tukayamaliza.”

Ognyan akasema kwa sauti ya chini, kama anaungama kwa padri, “Nilikuwa nimesahau Nevena anavyocheka.”

Ningeweza kunyamaza hapo, mtu mwema angenyamaza. Mimi nikawauliza wananilipa kiasi gani.

Jioni ile ramani ikarudi mezani. Nevena akanihesabia tena makosa yangu, choo, usingizi, njaa, miguu, na safari hii kila alipotaja moja alimnyooshea kidole Kalina. “Mnaona? Ni mambo yale yale! Kinachomfaa mmoja kinamfaa mwingine. Nilidhani baba atatuongezea mzigo, kumbe mzigo ulikuwa hiyo ratiba. Baba asipokwenda, mimi siendi.”

Mkwe wangu ni muungwana, alijua ameshindwa. Akachukua kalamu. “Haya baba, wewe ndiye kipimo. Ukichoka wewe, tumechoka wote.”

“Nimeshachoka,” nikasema. “Futa Salzburg.”

Akafuta.

“Nimechoka zaidi. Futa Vienna.”

Budapest iliondoka na glasi ya pili ya rakia, Zagreb ikaifuata bila kuaga. Venice aliipigania, masikini, mpaka nikamuuliza madaraja ya kule yana ngazi au hayana. Akakitazama kile kigari, gurudumu moja limepinda, akaifuta mwenyewe. Gina akacheka hadi akasahau mgongo.

Basi imebaki Belgrade, Ljubljana na kwenu. Tunaondoka asubuhi baada ya kunywa chai, na tutasimama kila penye bembea na choo, kulala Nish njiani si dhambi. Kila mji tunakaa siku za kutosha hadi muuza mikate atujue. Nyumba ya kupanga iwe ya chini, yenye jiko, jirani na bustani. Asubuhi tunaona kitu kimoja, kikitosha. Mchana mapazia yanashushwa, babu na mjukuu wanalala, wazazi wanakwenda wanakokujua wao. Jioni wote tunatembea barabara kubwa kwa mwendo wa hapa nyumbani. Nyinyi huko mnakunywa kahawa mmesimama kama mnaofukuzwa na polisi, hapa kahawa moja inamaliza asubuhi nzima. Nakuja kukukumbusha ailyak yetu, ule mwendo wa kutokuwa na haraka, maana nahisi Tullio amekuharibu.

Gina haji. Anasema kuku hawana mlezi, na kwamba anataka kuona nyumba hii inafananaje bila mimi. Ila amesikia Trieste kuna upepo wa kuangusha watu, basi anafuma soksi usiku na mchana, jozi zangu na za Kalina, rangi moja.

Usihangaike na karamu. Supu, mkate, mtindi ukiupata. Kitanda cha wageni wape Nevena na Ognyan. Mimi na Kalina tutandikie magodoro mawili sakafuni, kile chumba cha nyuma ulichoniambia hakipati jua.

Nakumbuka mama akiwa kiwandani wewe ndiye uliyekuwa ukinilea, na kila mchana ulinifungia chumbani nilale. Nami kila mchana natoka dirishani kwenda mtoni, nawe unanifuata na ufagio mpaka darajani, ukinitukana mimi na mto wenyewe. Safari hii, dada, shusha tu pazia, uvute kiti chako mlangoni, na goti lako ulipumzishe. Sitoroki.

Msalimie Tullio, na binti yenu Mirella pamoja na watoto wake warefu. Nevena, Ognyan na Gina wanakusalimu. Kalina ameipiga busu karatasi hii, hilo doa hapo chini ni lake, si mchuzi wangu. Mungu alitunze goti lako na pumzi yako mpaka mwezi wa tisa, na ukipita mwezi wa tisa asichoke.

Mimi mdogo wako, akupendaye hata ukiwa na ufagio,

Kancho