Nukta Ulizozifuta

Kashojwa, kambi ya Nakivale, Uganda. Jumapili ya mwisho ya Agosti, mwaka wa ishirini na sita tangu tuiache milima yetu ya Kivu ya Kusini.

Shemeji yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili: kwanza peke yangu, kisha na mke wangu, ambaye aliondoka kabla hujamaliza akaenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa. Unasema umepata pasipoti ya huko ng'ambo, umepata wafadhili, na unataka kurudi kwetu ujenge shule itakayobeba jina la marehemu mkeo, Esteri, dada yangu. Shule inahitaji mwalimu wa fizikia, na mwalimu huyo ni mimi. "Shemeji, turudie kwetu. Ukimbizi haiko kabila." Umesema vizuri. Siku zote ulisema vizuri.

Nitakujibu. Lakini kwanza tukumbuke pamoja jambo moja, kwa sababu wewe husahau kwa urahisi, nami nimebaki mahali ambapo halisahauliki.

Ni mwaka ule tuliofundisha pamoja hapa, wewe hesabu, mimi fizikia. Niliitwa msaidizi kwa kuwa diploma yangu ilikuwa ya Kifaransa na hakuna aliyetaka kuisoma. Shule ikaalikwa kwenye maonyesho ya sayansi Mbarara. Kabati letu la maabara lilikuwa na chaki na panya. Tukakaa barazani kwako, Esteri akichambua maharagwe, tukibuni jaribio ambalo mtoto angeweza kulifanya kwa vitu vya hapa hapa. Ulileta lastiki nyembamba za kufungia mboga. Jua lilikuwa limezila, zikakatika moja baada ya nyingine, na Esteri akacheka mpaka maharagwe yakamwagika.

"Hii fizikia yenu inakatika sana, bamwalimu! Muende kwa fundi wa baiskeli, mukate mupira wa ndani."

Ndiye aliyeliokoa jaribio letu. Mbarara hukumtaja.

Tulikata pete kwa wembe, zote za upana mmoja. Pete moja tukaitundika kwenye msumari, chini yake chupa tupu ya plastiki, mwiba wa mgunga ukiwa mshale wa kuonyesha, na rula imesimama ubavuni. Mtoto anamimina kikombe cha maji chupani, anangoja mpira utulie, anasoma rula, anatia nukta kwenye karatasi ya miraba. Akimaliza kuongeza, anaanza kupunguza, akisoma vile vile. Uzuri wa jaribio ulikuwa hapo. Springi ya chuma, usipoizidishia mzigo, hutoa mstari ulionyooka. Mpira haukubali. Mwanzo ni mgumu, katikati unalegea, mwisho unakaza tena; na ukipunguziwa mzigo hurudi kwa njia nyingine, si ile uliyoendea.

Tulimpa kazi hiyo Nsimire, binti wa kidato cha pili. Alirudia kutwa nzima akidhani amekosea.

"Mwalimu, huu mupira unanisumbua. Kurudi kwake hakufanane na kuenda kwake."

"Hujakosea, mama. Ndivyo ulivyo."

"Basi niandike vile uko?"

"Vile vile uko."

Akaandika. Nukta zake zilipanda zikapinda, zikashuka zikapinda kwingine, na nilipoziona nilifurahi kama mtu aliyesomewa shairi. Tangu tukimbie sikuwa nimefurahi hivyo kwa sababu ya kazi.

Kisha Mbarara. Asubuhi, kabla majaji hawajaifikia meza yetu, ulichukua karatasi ya Nsimire, penseli na kifutio. Mwalimu mkuu alikuwa amekufanya kiongozi wa msafara.

"Shemeji, hawa batu banapenda mustari wa kunyooka. Kitabu chao kinasema mustari."

Nikakwambia kitabu kinasema habari za springi.

"Jaji hana wakati ya mapinda yako."

Ukabakiza nukta nne zenye adabu. Nyingine ukazifuta ukazipanga upya kando ya rula. Nsimire akanong'ona, "Lakini Mwalimu, ile ya juu niliipima tena na tena," nawe ukamwambia huku ukicheka, "Itaenda kukaa fasi ingine, mama. Haitalia."

Jaji alikuwa Mnyankole mnene mwenye miwani. Akainama mezani. "Bannange! Hii nzuri sana. Mstari yake imenyooka kabisa! Nani alifanya?" Ulijibu wewe. Tukapewa cheti. Nsimire hakukigusa, na muhula uliofuata aliacha fizikia.

Hilo ningelisahau, shemeji. Walimu hufanya mabaya zaidi kwa ajili ya cheti.

Lakini baadaye yalikuja mahojiano ya wakimbizi kuhamishiwa nchi ya tatu, na wajuaji wa kambi wakawaambia kwamba hadithi fupi hupita upesi: mume, mke, watoto, wengine wote wamekufa. Mimi niliwahi kurudi nyumbani kumzika mama, nikavuka tena kuja hapa, kwa hiyo faili langu lilikuwa na maswali. Uliogopa yataambukiza faili lenu. Mkasema Esteri alizaliwa peke yake.

Sikuambiwa. Nilijua zamu yangu ilipofika, ninyi mkiwa mmeshaondoka. Nikasema nina dada, nikamtaja, nikakutaja na wewe. Afisa akasoma, akasema neno kwa Kiingereza. Mkalimani, kijana wa Burundi, akayatazama magoti yangu.

"Mzee, wanasema huyo mama hana kaka. Wanauliza kwa nini unadanganya."

Faili langu likafungwa, na la mke wangu na la watoto wangu likafungwa nalo.

Esteri alikuwa akinipigia simu na kulia bila kueleza. Sikumuuliza, alikuwa mdogo wangu, na nilijua si yeye aliyeitunga ile hadithi. Alipofariki, tulifuata ibada ya mazishi kwenye simu, mimi na mke wangu, hapa barazani. Mchungaji akasoma: ameacha mume na watoto. Akafunga karatasi. Ulikuwa umekaa mstari wa mbele na suti nyeusi. Nilikutazama ili nione kama utainua kichwa.

Na sasa unanihitaji. Jambo ambalo hukuliweka katika ujumbe wako nimelipata kwa mmoja wa wazee wa kijiji: kiwanja unachokitaka ni shamba la marehemu baba yetu, na mkwe hapewi shamba. Wazee wanataka kaka wa Esteri aseme kwa mdomo wake. Ofisini nilikuwa sijazaliwa; shambani nimefufuka. Hutafuti mwalimu wa fizikia, shemeji.

Sikuchukii kila siku. Ziko siku nakumbuka ulivyombeba mwanangu mgongoni usiku tuliokimbia, miguu yako ikitoka damu, na siku hizo ndizo hasira yangu inapokuwa kali zaidi. Ingekuwa rahisi kama ungekuwa mtu mbaya tu.

Juzi niliwapigia wazee. Waliweka simu katikati yao, sauti ikafunguliwa, nami nikatamka jina la baba, jina langu na jina la Esteri, nikasema shamba nawapa watoto wa kijiji, shule ijengwe. Mmoja alinung'unika kwamba sauti bila mtu si mtu. Wenzake wakamnyamazisha. Wamekubali. Kwa hiyo jenga. Huna haja nami tena. Mwalimu utampata, vijana wapo waliosoma kuliko mimi.

Nauli usitume. Siwezi kusimama kando yako katika ardhi ya baba yangu, nikingoja unitambulishe kwa wageni wako kwa jina utakaloona linafaa. Nilipoacha milima ile nilikuwa na dada, na kila usiku niliporudi huko katika mawazo nilirudi naye. Peke yangu sina ninakokwenda.

Uwasalimie wapwa zangu, kama wanajua wana mjomba.

Mimi sitarudi.

Kaka yake Esteri